Ramani ya Chumvi Iliyo Chini ya Mtaa

Mtu akinunua kiwanja Mbezi Beach, Kunduchi au Kigamboni, mapema tu atawauliza majirani kama chini kuna maji baridi au maji chumvi. Majibu hayalingani. Wa kushoto anasema kisima chake kinatoa maji ya kunywa. Wa ng'ambo ya barabara anasema chake ni cha kumwagilia maua, na maua yenyewe yameungua majani. Fundi wa kuchimba naye ana lake: tushuke zaidi, maji mazuri yako chini. Mara nyingine fundi anasema kweli. Mara nyingine kushuka zaidi ndiko kunakoyafikia maji yaliyochanganyika na bahari, na mwenye nyumba anakuwa amelipia kila mita ili apate maji ambayo sabuni haitoi povu.

Majirani wote hao wanaweza kuwa wakweli. Kinachokosekana ni mahali pa kuyakutanisha majibu yao: kila kisima kiwe mahali pake, kina chake kijulikane, tarehe kilipopimwa iandikwe, na kiasi cha chumvi kiwekwe kando yake. Hiyo ndiyo ramani ya chumvi, na mfumo wa taarifa za kijiografia ndio chombo cha kuichora. Kikundi cha mtaa kinaweza kuifanya kazi hii, wanafunzi wa chuo wanaweza, ofisi ya maji ya wilaya inaweza. Nitaeleza namna ya kuifanya, na nitakaa zaidi pale inapoweza kudanganya, kwa sababu ramani mbaya ya chumvi ni hatari kuliko kutokuwa na ramani kabisa. Watu wataishika na kwenda kuchimba.

Chumvi inatoka wapi

Maji mengi ya bomba ya Dar es Salaam yanatoka mto Ruvu. Mto ukipungua, jiji linageukia ardhini. Ukame wa mwaka 1997 ulifuatiwa na uchimbaji mkubwa wa visima vya dharura, na mwishoni mwa 2022 Ruvu ulipopungua tena na mgao ukaanza, visima vya Kigamboni vilitegemewa kujaza pengo. Nje ya visima vya mamlaka kuna vya watu binafsi, vya hoteli, vya shule, vya misikiti na makanisa, na vya wale wanaojaza maboza na madumu. Vyote hivyo vinavuta kutoka kwenye matabaka yaleyale ya mchanga yanayoelekea baharini.

Maji ya mvua yaliyozama mchangani ni mepesi kidogo kuliko maji ya bahari, kwa hiyo yanaelea juu yake hukohuko chini ya ardhi. Mholanzi Badon Ghyben mwishoni mwa karne ya 19, kisha Mjerumani Herzberg mwaka 1901, walionyesha hesabu ya jambo hili: kwa kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo kabla ya kukutana na chumvi. Hesabu hiyo inafurahisha mpaka uigeuze. Pampu zikishusha maji ya kisima kwa nusu mita tu na hali hiyo ikadumu, mpaka wa chumvi unaweza kupanda mita 20. Haupandi kwa siku moja, wala mchanga wenye tabaka za udongo wa mfinyanzi hautii hesabu kwa ukamilifu, lakini mwelekeo ni huo. Ndiyo maana kisima kilichotoa maji baridi kwa miaka kinaweza kubadilika ladha bila ya kuguswa na mtu.

Lamu wanalijua hili vizuri kuliko sisi. Mji ule umetegemea maji ya visima vilivyo kwenye matuta ya mchanga ya Shela. Matuta yanapokea mvua, mvua inazama, na maji baridi yanakaa juu ya ya bahari. Kujenga nyumba juu ya matuta ni kuyafunika maji ya mji mzima, na mapambano ya kuyalinda yamefanyika kwa sababu hiyo.

Hata hivyo si kila chumvi ni ya bahari, na hapa wengi hukosea. Ipo chumvi ya kale iliyobaki ndani ya mchanga na mfinyanzi tangu bahari ilipofunika sehemu hizo zamani. Ipo inayoachwa na jua pale maji yaliyo karibu na uso wa ardhi yanapokauka, na ipo ya mashamba ya chumvi ya pwani. Na ipo ya vyoo vya shimo na makaro, kwa sababu mkojo na maji ya kufulia vina chumvi. Mtaa uliosongamana ulio mbali na pwani unaweza kuwa na visima vyenye chumvi ambayo bahari haihusiki nayo hata kidogo. Ukikuta chumvi imeambatana na naitreti nyingi, tazama vyoo kwanza. Anayechora ramani bila kutenganisha vyanzo hivi atawaambia watu wapunguze pampu, na tatizo lao lilikuwa karo.

Kupima

Kipimo rahisi kuliko vyote ni upitishaji umeme wa maji. Chumvi ikiyeyuka, maji yanapitisha umeme zaidi, na kipimo cha mkononi kinasoma kwa mikrosimensi kwa sentimita. Maji ya bahari yanasoma takriban 50,000. Kwa maji ya kisima, umwagiliaji una mwongozo wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa ambao ni rahisi kukumbuka: chini ya 700 hakuna shida, kati ya 700 na 3,000 chagua mazao na uangalie udongo, juu ya 3,000 shida ni kubwa. Maharage yataonyesha dhiki mapema, mnazi utavumilia.

Kwa kunywa, Shirika la Afya Duniani linasema maji yenye chini ya miligramu 600 za madini yaliyoyeyuka kwa lita huwa na ladha nzuri, na yakipita 1,000 watu huanza kuyakataa. Kloraidi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya chumvi ya bahari, huonjeka ikizidi miligramu 250 kwa lita. Sasa fikiria: maji ya bahari yana kloraidi ya takriban miligramu 19,000 kwa lita. Sehemu moja ya bahari katika sehemu mia ya mchanganyiko inaongeza kama 190. Sehemu mbili katika mia, maji yameshaharibika ladha. Kisima hakihitaji kuingiliwa na bahari yote ili kife. Kinahitaji kuguswa tu. Na ladha si suala la starehe peke yake. Katika pwani ya Bangladesh watafiti wamehusisha maji ya kunywa yenye chumvi na shinikizo la damu kwa wajawazito.

Vipimo vingi vya bei nafuu havionyeshi upitishaji umeme. Vinaonyesha madini yaliyoyeyuka, na vinayapata kwa kuzidisha upitishaji kwa namba iliyowekwa kiwandani. Kingine kinazidisha kwa 0.5, kingine kwa 0.7. Maji yaleyale yenye 2,000 yatasomeka 1,000 kwa kipimo cha kwanza na 1,400 kwa cha pili. Watu wawili wakiingia mtaani na vipimo hivyo, ramani yao itaonyesha mpaka wa chumvi mahali ambapo kuna mpaka wa vifaa tu. Andikeni upitishaji umeme kila mara, uliorekebishwa kwa nyuzi joto 25, maana kila nyuzi moja hubadilisha usomaji kwa takriban asilimia 2. Kila asubuhi kipimo kisahihishwe kwa maji maalumu ya kusahihishia, ambayo kwa kawaida ni ya 1,413.

Usipime maji ya tangi. Maji yaliyokaa kwenye simtanki yamechanganyika na ya bomba, na ya mvua, na ya boza la wiki iliyopita. Nenda kwenye mdomo wa kisima, pampu iwashwe, maji yaachwe yatiririke mpaka usomaji utulie, ndipo uandike. Kisima kirefu kilicholala usiku kucha kinahitaji muda zaidi kuliko kifupi kinachotekwa kwa ndoo tangu alfajiri. Kabla ya kuwasha pampu, kama mdomo uko wazi, pima umbali kutoka juu hadi usawa wa maji. Namba hiyo inadharauliwa, na miaka mitano baadaye ndiyo kila mtu anayoitamani.

Kwa kila kisima andika mahali, tarehe na saa, upitishaji umeme, jotoridi, usawa wa maji, mwaka kilipochimbwa, na kina. Kina ndicho kinachosumbua. Wenye visima wengi hawakijui, au wanakumbuka bei badala ya mita. Omba cheti cha fundi. Uliza bomba ngapi zilishushwa na kila moja ilikuwa na urefu gani. Uliza chujio liliwekwa wapi, kwa sababu kisima cha mita 60 chenye chujio kuanzia mita 20 kinachanganya maji ya matabaka mawili. Kina kisipopatikana, acha nafasi wazi. Usikisie.

Fomu ya simu kama KoboToolbox au ODK hufanya kazi hata pasipo na mtandao na huchukua mahali pa kisima kwa GPS ya simu yenyewe. Makosa ya mita chache hayataharibu kitu. Panga mizunguko miwili kwa mwaka: mwisho wa kiangazi, kabla ya masika, na mwezi mmoja au miwili baada ya masika kuisha. Vipimo vya Februari na vya Juni visichorwe kwenye karatasi moja kana kwamba ni vya siku moja.

Na waombeni ruhusa wenye visima, kwa kuwaeleza. Mzee mwenye kisima ana hofu mbili za haki: kwamba atatozwa, na kwamba nyumba yake itashuka bei jina lake likionekana kwenye doa jekundu. Ramani ya kubandika ukutani ionyeshe maeneo bila majina wala namba za nyumba. Orodha kamili ibaki kwa wanaoisimamia.

Kuingiza kwenye kompyuta

Programu ya QGIS haiuzwi; inapakuliwa bure na inatosha kwa kazi hii yote. Jedwali la vipimo linaingia kama faili la maandishi lenye safu za latitudo na longitudo. Hapa ndipo visima hukimbia. Dar es Salaam iko karibu na latitudo -6.8 na longitudo 39.28. Alama ya kutoa ikisahaulika, kisima cha Mikocheni kinatokea Ethiopia. Safu zikibadilishana nafasi, kinatokea Hispania, jirani na mpaka wa Ureno. Makosa hayo angalau yanaonekana. Yasiyoonekana ni ya visima vilivyosogea mita mia kadhaa kwa sababu ramani moja ya zamani ilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960 na simu zinatumia WGS 84. Hakikisha kila safu ya ramani imetambulishwa mfumo wake wenyewe, kisha zote zigeuzwe kuwa UTM kanda ya 37 Kusini, ambayo inafaa kwa pwani nzima ya Tanzania, na umbali usomeke kwa mita.

Ramani ya chini, yaani barabara, nyumba na mito, inapatikana bure kwenye OpenStreetMap. Dar es Salaam ina bahati ya pekee: mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015 kwa ajili ya mafuriko, uliwatumia wanafunzi na wakazi kuchora mitaa ambayo kabla ya hapo haikuwa na ramani ya kueleweka. Zanzibar ina picha za droni za visiwa vizima. Ongeza mstari wa pwani, mabonde kama la Msimbazi, mashamba ya chumvi, na ramani ya miamba ukiipata.

Data za mwinuko zilizopimwa kutoka angani ni nzuri kwa kuonyesha mabonde na vilima. Usizitumie kukokotoa kina cha maji baridi kwa ile hesabu ya mara 40. Data hizo zinaweza kukosea kwa mita kadhaa, na kosa la mita 5 likizidishwa mara 40 ni mita 200 za maji ya kubuni. Ukitaka hesabu hiyo, mdomo wa kisima upimwe na mpima ardhi.

Kabla ya rangi yoyote, weka nukta tu. Kila kisima nukta, kila kiwango cha chumvi rangi yake, na ukubwa wa nukta ufuate kina. Kaa na ramani hiyo. Mara nyingi yale majibu ya majirani yaliyokuwa yakigongana yanajieleza hapohapo: visima vifupi ni vya maji baridi, virefu ni vya chumvi, au kinyume chake pale tabaka la mfinyanzi linapolilinda tabaka la chini. Ikiwa hivyo, chora ramani mbili, ya tabaka la juu na ya tabaka la chini. Ukizichanganya, umepata wastani wa maji ambayo hayapo popote.

Rangi iliyo kati ya visima

Ile ramani ya kupendeza yenye buluu inayoyeyuka kuwa njano na nyekundu haikupimwa. Zilipimwa nukta. Rangi kati yake ni makisio ya kompyuta, na kompyuta haikatai kukisia.

Njia rahisi ni ya kukadiria kwa umbali: kisima cha karibu kina sauti kubwa, cha mbali kina ndogo. Inafanya kazi haraka, na huacha miduara kuzunguka kila kisima chenye thamani kubwa, kana kwamba chumvi imemwagwa kwa ndoo. Ukiona miduara hiyo, ujue ni alama ya hesabu. Njia ya pili ni krigingi, iliyopewa jina la Danie Krige, mhandisi wa migodi wa Afrika Kusini aliyekuwa akikadiria dhahabu ya Witwatersrand, ambaye kazi yake ya 1951 Mfaransa Georges Matheron aliijengea nadharia. Hii huanza kwa kuuliza data zenyewe: visima viwili vikiachana kwa mita 200 vinafanana kiasi gani, vikiachana kwa kilomita 2 je? Ubora wake mkubwa ni kwamba inatoa ramani ya pili, ya kiasi cha shaka kila mahali. Lakini inahitaji visima vingi. Kwa visima kumi, baki na nukta.

Chumvi pia haipandi taratibu, inaruka. Kisima kimoja kina 400, cha ufukweni kina 20,000. Wastani wa kawaida utasema katikati yao kuna 10,200. Ukigeuza namba kuwa logi kwanza, katikati inakuwa kama 2,800. Tofauti hiyo ni tofauti kati ya kuambiwa bustani yako haiwezekani na kuambiwa uchague mazao yanayovumilia. Kwa chumvi ya pwani mimi ningeanza na logi kila mara.

Kisha jaribu ramani yako. Ficha kisima kimoja, acha kompyuta ikikisie kutokana na vingine, linganisha na kipimo chenyewe, fanya hivyo kwa kila kisima. Makosa yakiwa makubwa upande mmoja wa mtaa, upande huo unahitaji vipimo zaidi. Mahali ambapo hakuna kisima kwa umbali mrefu, futa rangi. Paache peupe. Wafadhili na viongozi hawapendi ramani yenye weupe. Itetee, kwa sababu mtu akichimba kwenye buluu uliyoikisia hasara ni yake.

Kusini na mashariki ya Unguja, kuanzia Makunduchi hadi Jambiani na Paje, ningekuwa mwangalifu mara dufu. Ardhi ile ni mawe ya matumbawe yenye mapango na nyufa, na maji yanapita humo kama kwenye mabomba. Visima viwili vilivyo karibu vinaweza visiwe na uhusiano wowote. Krigingi inadhani ujirani una maana. Kwenye mawe yale mara nyingi hauna.

Pengo likiwa mahali muhimu, kuna wapimaji wanaopitisha umeme ardhini kwa fito za chuma na kusoma ukinzani wake. Mchanga uliojaa maji ya bahari una ukinzani mdogo sana. Tatizo ni kwamba mfinyanzi nao una ukinzani mdogo, kwa hiyo kipimo hicho kisomwe pamoja na kumbukumbu ya udongo wa kisima kilichochimbwa jirani.

Ramani ikishapatikana

Chora mstari wa kloraidi ya 250 au upitishaji wa 1,500, na mwaka unaofuata uchore tena kwa visima vilevile na msimu uleule. Mstari ukisogea kuelekea bara, hiyo ndiyo habari kubwa kuliko rangi zote. Peleka vipimo maabara kwa visima vichache vilivyochaguliwa, upate kloraidi, naitreti na bromaidi, ili bahari itengane na makaro.

Kwa Dar es Salaam ramani hiyo ifike Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, ambayo ndiyo inayotoa vibali vya kuchimba na kutumia maji chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Zanzibar, ipelekwe Mamlaka ya Maji Zanzibar (ZAWA). Kenya, ipelekwe Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Ombeni jambo mahususi: vibali vipya visitolewe ndani ya mstari fulani, pampu kubwa zigawe uvutaji wake saa za mchana na usiku badala ya kuvuta kwa mkupuo, visima viwili au vitatu viachwe bila pampu kwa ajili ya kupima tu.

Nyumbani, mwenye kisima kilicho karibu na mstari asizamishe pampu hadi sakafuni. Aipandishe, achague ndogo, avute kidogo kwa muda mrefu, ajaze tangi. Maji ya paa ya masika na vuli ayaelekeze kwenye shimo la mchanga na kokoto, yazame, mbali na karo. Kisima kilichokwisha kuwa cha chumvi na kuachwa kizibwe kwa saruji kuanzia chini, kwa sababu bomba lililooza ni njia iliyo wazi ya chumvi kupita kutoka tabaka moja kwenda jingine, na jirani mwenye maji baridi ndiye atakayelipa.